Sisi Sote wa Udongo: Masimulizi ya Kuumbwa Ulimwengu Kandokando ya Ziwa



Katika miji iliyo kandokando ya Ziwa, na hasa hapa Mwanza, nyumba moja ya Kiislamu aghalabu hukusanya watu wa asili nyingi. Baba huenda akawa Msukuma, mama Mkerewe au Mhaya, bibi mzaa baba yuko kijijini naye hakupata kusilimu, na jirani wa ukuta mmoja ni Mkristo au Mhindu. Watoto wa nyumba hiyo huzisikia habari za mwanzo wa ulimwengu kwa vinywa vingi: chuoni kwa mwalimu wa Kurani, shuleni kwa mwalimu wa sayansi, barazani kwa jirani, na jioni penye moto kwa bibi.

Basi hapo huzuka vijana wa namna mbili. Wa kwanza husema: ikiwa kila taifa lina hadithi yake ya mwanzo, na hadithi hizo zafanana, basi hata yetu ni ngano mojawapo. Wa pili hujiona amehifadhi dini kuliko wote, akamkatiza bibi yake maneno na kumwambia kwamba hayo asemayo ni ushenzi. Wa kwanza yumo hatarini kupoteza imani yake, na wa pili yumo hatarini kukata udugu wake. Mwezi huu twapenda kusema nao wote wawili, pamoja na wazazi wao.

Kwanza yatupasa kujua kwamba kuuliza habari za mwanzo si dhambi. Imam Bukhari ameipokea habari ya watu wa Yemen waliokwenda kwa Mtume s.a.w. wakitaka kujua mwanzo wa jambo hili ulikuwaje. Hakuwakemea. Aliwajibu kwamba Mwenyezi Mungu alikuwako na hakikuwako kitu kabla yake, na Arshi yake ilikuwa juu ya maji, kisha akaziumba mbingu na ardhi. Mpokezi wa habari hiyo, Imran bin Husain, aliambiwa pale pale kwamba ngamia wake ametoroka, akaondoka kumtafuta. Na baadaye alitamani lau angalimwacha ngamia aende zake, naye akakaa kusikiliza. Ikiwa Sahaba alijuta kukosa maneno hayo kwa ajili ya ngamia, sisi tuna udhuru gani wa kuwanyamazisha watoto wetu waulizapo?

Sasa na tutazame masimulizi yenyewe. Ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa, Waganda husimulia kwamba Kintu alikuwa peke yake duniani na ng'ombe wake mmoja. Akaja Nambi, binti wa Ggulu, mwenye mbingu, akampenda. Ggulu akamjaribu Kintu kwa majaribu mengi, na alipoyashinda akamwoza binti yake, lakini akawaonya waondoke upesi wala wasirudi nyuma, wasije wakafuatwa na Walumbe, ndugu wa Nambi, ambaye ndiye mauti. Njiani Nambi akakumbuka kwamba amesahau mtama wa kuku wake, akarudi kuuchukua, na Walumbe akamfuata. Tangu hapo watoto wao wakaanza kufa. Ndugu mwingine, Kayikuuzi, akatumwa kumkamata Walumbe, lakini huyo akajificha ardhini mahali paitwapo Tanda, na mashimo yake huonyeshwa mpaka leo.

Upande wetu wa kusini, Wasukuma wana habari ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na wanyama wao, asisalie ila mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Mwanamke huyo akamzaa Masala Kulangwa, kijana mwenye akili nyingi, naye alipokua akaliua zimwi, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Hiyo si habari ya kuumbwa, bali ni habari ya ulimwengu ulioanza mara ya pili. Na kila aliyesoma kisa cha Nabii Nuhu hawezi kuisikia asitafakari. Wasukuma hao hao, kabla hawajafikiwa na msikiti wala kanisa, walikuwa na majina ya Mwumba aliye juu ya yote, kama vile Liwelelo na Seba. Na Wajaluo walio mwambao wa mashariki humwita Nyasaye.

Mbali na hapa, watu wa Babeli ya kale waliandika juu ya vigae vya udongo kwamba mungu wao Marduk alimwua Tiamat, akaupasua mwili wake, akafanya mbingu kwa nusu moja na ardhi kwa nusu ya pili. Wahindu wana utenzi wa kale sana katika Veda yao, usemao kwamba ulimwengu ulitokana na mwili wa mtu mkuu aliyetolewa sadaka. Mayahudi na Wakristo husoma katika Taurati waliyo nayo kwamba kazi ya kuumba ilitimia kwa siku sita, na siku ya saba Mungu akapumzika. Kurani Tukufu nayo yataja siku sita, lakini katika Sura ya 50 yaeleza wazi kwamba Mwenyezi Mungu hakuguswa na uchovu wo wote.

Kijana wa kwanza atasema: Je, hamwoni kwamba yafanana? Naam, twaona, wala hatuogopi. Kurani yenyewe yatufundisha kwamba hakuna umma usiopelekewa mwonyaji, na kwamba wako Mitume ambao habari zao Mtume Muhammad s.a.w. hakusimuliwa. Mwenye kuamini hayo hastaajabu akikuta kwa watu wa mbali chembe ya habari ifananayo na aijuayo. Wala hatusemi kwamba kila ngano ni mabaki ya utume; hilo ni la ghaibu, nasi hatuna ruhusa ya kulikisia. Pia watu wote wa dunia wamezika wapenzi wao na wameogopa ukame na mafuriko, na wanaopatwa na mambo mamoja huuliza maswali mamoja. Kufanana kwa maswali si hoja ya kwamba majibu yote ni sawa. Watu mia wakiuliza njia ya kwenda Bukoba, wakajibiwa njia mia, haithubutu kwa hayo kwamba Bukoba haiko.

Kwa hiyo mwenye kutaka kulinganisha asiishie kuhesabu mafanano. Na aulize kila simulizi maswali matatu: Mwanadamu aliumbwa kwa kazi gani? Nani alaumiwaye kwa taabu na mauti? Na nani hufanywa bora kuliko mwenziwe? Majibu ya maswali hayo huingia jikoni, sokoni na barazani kwa hakimu, na mara nyingine, kama tutakavyoona, huingia kaburini.

Swali la kwanza. Katika vigae vya Babeli, mtu aliumbwa kwa damu ya mungu mwasi aliyeuawa, ili abebe kazi za miungu nao wapate kustarehe. Yaani, mtu ni hamali. Katika Kurani, Mwenyezi Mungu awaambia Malaika kwamba ataweka khalifa katika ardhi, kisha amfundisha Adamu majina ya vitu vyote, na Malaika waamrishwa wamsujudie. Mtu ni mwenye amana, na heshima yake ya kwanza ni elimu. Mzazi amnyimaye mtoto wake elimu, wa kiume au wa kike, amemnyima kitu cha kwanza alichopewa baba yetu Adamu.

Swali la pili. Tumeona kwamba katika hadithi ya Kintu aliyerudi nyuma ni mwanamke, na katika Taurati mwanamke ndiye aliyekula kwanza, kisha akampa mumewe. Kurani yasema vingine. Katika Sura ya 7 Shetani aliwatia wasiwasi wote wawili, wakateleza wote wawili, wakaomba msamaha wote wawili. Na katika Sura ya 20 anayetajwa kwa jina ni Adamu. Wala hawakuacha deni kwa wajukuu wao, maana Mwenyezi Mungu alipokea toba. Hata hivyo, wako wanaume wa Kiislamu, tena wenye kofia na kanzu, ambao wakigombana na wake zao husema kwamba mwanamke ndiye aliyetuponza tangu mwanzo. Ndugu, maneno hayo hukuyatoa katika Msahafu wako. Umeyaokota njiani ukayavika kilemba.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na hapa twaomba msomaji asikilize kwa makini.

Magharibi ya Ziwa, toka Bunyoro na Ankole hata Rwanda, husimuliwa kisa cha vyungu vya maziwa. Kwa masimulizi ya Rwanda, vijana watatu, Gatwa, Gahutu na Gatutsi, walipewa maziwa wayalinde usiku kucha. Gatwa akayanywa, Gahutu akalala akayamwaga, na Gatutsi akayahifadhi mpaka asubuhi. Kwa sababu hiyo, yasemwa, wa kwanza akawa duni, wa pili mtumishi, na wa tatu bwana. Kwa Wanyoro majina ni mengine, lakini mwisho ni ule ule: mkulima, mchungaji na mfalme, kila mmoja na daraja lake tangu mwanzo wa dunia. Nao utenzi wa Wahindu tulioutaja wasema kwamba makuhani walitoka kinywani mwa yule mtu mkuu, na watumishi miguuni mwake.

Tarehe 3 Agosti, 1858, Mwingereza aitwaye John Hanning Speke alifika mwambao wa Mwanza, akalipa Ziwa jina la malkia wake, ingawa lilikuwa na majina yake tangu zamani. Mwaka 1863 alitoa kitabu cha safari zake. Humo alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za magharibi ya Ziwa ni taifa jingine, lenye asili ya Uhabeshi, na kwamba watu weusi wengine ni wana wa Hamu waliolaaniwa wawe watumwa wa ndugu zao. Ajabu ni kwamba hata katika Biblia yake, aliyetajwa katika laana hiyo ni Kanaani, si Hamu. Lakini wengi waliomfuata hawakufungua kitabu kuhakikisha. Wakoloni waliotawala Rwanda wakaona kwamba kisa cha maziwa na nadharia ya Speke vyapatana, vikafundishwa mashuleni. Na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakawaandikia watu kabila zao katika vitambulisho. Aliyeambiwa ni bora kwa asili akajivuna, na aliyeambiwa ni duni akaweka kinyongo. Mwisho wake wengine waliigeuza hadithi ile ile, wakasema: ikiwa asili yenu ni Uhabeshi, basi nchi hii si yenu.

Mwaka 1994, toka Aprili hata Julai, watu wapatao laki nane waliuawa katika Rwanda. Mto Kagera ulichukua maiti zao ukazileta katika Ziwa letu. Wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo katika Uganda walizitoa majini na kuzizika kwa maelfu, na kwa muda watu wengi wa pwani za Ziwa waliacha kula samaki. Hatusemi kwamba ngano ya maziwa iliua peke yake. Walioua ni watu, na waliowapanga walikuwa na tamaa ya utawala. Lakini hadithi ya asili ilikuwa kuni kavu zilizokwisha kupangwa, zikingoja kiberiti.

Sasa turejee Kurani. Mwenyezi Mungu alipomwamrisha Iblisi kumsujudia Adamu, alikataa, na hoja yake ilikuwa moja tu: yeye ni bora, kwa kuwa ameumbwa kwa moto na Adamu ameumbwa kwa udongo. Mwanzo wa uasi wa Iblisi ni kudai ubora kwa asili. Basi kila atakayesema kwamba yeye ni bora kwa kabila, kwa rangi au kwa ukoo, na ajue mwalimu wake ni nani. Sura ya 49 yatufundisha kwamba tumeumbwa kwa mwanamume na mwanamke, tukafanywa mataifa na kabila ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu. Naye Mtume s.a.w., katika hotuba ya hija yake ya mwisho, alitangaza kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu.

Wala tusijisifu kwamba sisi tuliyashika mafundisho hayo sikuzote. Stanley alipofika Kageyi, karibu na Mwanza, mwaka 1875, aliwakuta wafanya biashara wa kutoka pwani, wenye majina ya Kiislamu, wakinunua pembe na watumwa. Walijua kusoma habari ya udongo wa Adamu, lakini mizani ya biashara yao ilisema vingine.

Alikuwako pia mwenye msimamo mwingine. Katika mwaka 1844, kwa hesabu ya wanahistoria, Sheikh Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika baraza la Kabaka Suna wa Buganda. Kabaka akaamrisha watu wengi wauawe. Yule mgeni akasimama mbele yake, jambo ambalo wenyeji hawakuthubutu, akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, ambaye ndiye aliyempa yeye Kabaka ufalme, na kwamba kuwaua bure ni dhambi mbele ya Mwumba wao. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Uislamu yanayojulikana kusemwa katika baraza la mfalme pwani ya Ziwa. Hayakuwa juu ya chakula wala mavazi. Yalikuwa juu ya kuumbwa, nayo yalisemwa ili kuokoa damu.

Tumgeukie sasa kijana wa pili, yule amwitaye bibi yake mshenzi. Kijana wetu, Asmaa binti Abu Bakr alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamwuliza Mtume s.a.w. kama amfanyie wema. Akamwambia aunge udugu na mama yake. Tena Kurani yatukataza kuwatukana wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu. Ukitaka mfano wa mwanachuoni, mtazame Al-Biruni, ambaye kiasi cha mwaka 1030 aliandika kitabu kikubwa juu ya India. Alijifunza lugha ya Kisanskriti, akayaeleza maneno ya Wahindu kama wayasemavyo wenyewe, habari za kuumbwa ulimwengu zikiwamo. Wala hakutoka katika Uislamu wake hata shubiri moja.

Pia kabla ya kucheka, tazama nyumbani kwako. Wazee wetu wengi walisikia kwamba ardhi imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe amesimama juu ya samaki, naye akihamisha pembe ndipo hutokea tetemeko. Wengine hudhani hayo yamo katika dini. La hasha! Hayamo katika Kurani wala katika hadithi iliyo sahihi. Ni masimulizi yaliyoingia vitabuni, na wanavyuoni kama Ibn Kathir waliwaonya watu juu ya masimulizi ya namna hiyo. Basi mwenye ng'ombe na samaki katika rafu yake asimcheke mwenye Kintu.

Na elimu ya shuleni je? Sura ya 29 yatuamrisha tutembee katika ardhi tuone jinsi alivyoanzisha kuumba. Wataalamu wa mawe wasema kwamba miamba hii ya Mwanza, ambayo watoto wetu huteleza juu yake, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu; na kwamba Ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Mwislamu asiogope hesabu hizo. Kurani yataja siku iliyo kama miaka elfu na siku iliyo kama miaka hamsini elfu, wala haikutuambia kwamba siku zile sita zilikuwa za saa zetu.

Kwa wazazi tuna nasaha tatu. Kwanza, mtoto akiuliza, ajibiwe. Na lisilojulikana aambiwe kwamba Mungu ndiye Ajuaye, kisha likaulizwe kwa mwenye elimu. Pili, wapelekeni watoto kwa bibi na babu zao, wayasikilize masimulizi yao kwa adabu na kuyaandika, maana hiyo ni lugha yao na historia yao. Walio karibu na Kisesa waende pia katika makumbusho ya Bujora wakaone mambo ya Wasukuma. Lakini wafundishwe mapema tofauti ya ngano na itikadi, kama wafundishwavyo tofauti ya maji ya kunywa na maji ya kuogea. Tatu, siku msikiapo mtu, awe jirani, ndugu au mwenye mimbari, akisema kwamba kabila fulani waliumbwa kuwa mabwana au kwamba kabila fulani si watu wa hapa, msinyamaze. Maneno hayo yamekwisha kuletwa katika Ziwa hili mara moja, na maji yake yalituonyesha mwisho wake.

Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo mmoja, atujalie elimu yenye manufaa, atuunganishe na jamaa zetu, na atuepushe na kiburi cha Iblisi. Amin.